Mwenye Kazi Nyumbani Naye Yuko Zamu

Watu wengi hudhani kwamba mwanamke anayefanyia biashara yake nyumbani amejipatia raha. Hana tajiri wa kumkemea, hapandi gari alfajiri, wala hanyeshewi mvua njiani. Mimi nami nilidhani hivyo siku nilipoiweka cherehani yangu kando ya dirisha la kota yetu hapa Rubongi, karibu na mji wa Tororo. Mume wangu ni askari, nami ni fundi wa sare za shule. Yaliyonipata mwezi wa Januari 2022 ndiyo yaliyonifunza kwamba kazi ya nyumbani ina adui wake, na adui huyo si uvivu.

Ndugu wasomaji mtakumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa muda, yakafungwa tena Juni 2021. Fundi wa sare pasipo shule ni sawa na mvuvi pasipo ziwa. Nilishona barakoa zilipoamriwa mwaka 2020, kisha hata hizo zikapungua soko. Hatimaye ikatangazwa kwamba watoto wote watarudi madarasani tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita; watoto walikuwa wamerefuka, na sare zilizokuwa sandukuni hazikuwaingia tena. Wazazi wakanijia kwa wingi. Nilipokea kazi ya sare 32, nikachukua nusu ya malipo, nikaenda Malaba kununua kitambaa. Hayo yote yalikuwa mwezi wa Desemba.

Basi kilichozila siku zangu ni nini? Asubuhi palikuwa na maji ya kuteka, uji wa watoto na vyombo vya jana. Nikikaa kushona, mtu huja na zipu iliyokatika, ati ni kazi ya dakika mbili. Mwingine huniachia mtoto aende sokoni, kwa kuwa mimi "nipo tu nyumbani." Simu nayo ililia mezani, na kila ilipolia niliinyanyua. Ilipofika jioni nilikuwa nimechoka kweli kweli, lakini kaptula zilizokamilika zilikuwa mbili. Nikaona nilipize usiku. Kumbe kushona kitambaa cha buluu iliyokoza kwa uzi mweusi, chini ya taa hafifu, ni kujitafutia hasara: mishono ilipinda, na asubuhi nikawa nafumua niliyoshona usiku. Isitoshe, fedha ya malipo ya awali niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya vifungo na zipu ilikwisha kwa unga na sabuni, maana ilikaa katika mkoba mmoja na fedha ya nyumba.

Tarehe 10 Januari ilipofika, sare 11 zilikuwa bado. Asubuhi hiyo mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka 12, alikuja akasimama mlangoni pangu. Alikuwa amevaa kaptula yake ya zamani, ambayo haikufunga kiunoni, akaishikilia kwa mkono mmoja. Hakunilaumu. Aliitazama cherehani, akautazama mkeka wenye vipande vya kitambaa vilivyokatwa, kisha akarudi kwao. Siku mbili zaidi alikaa nyumbani kwa haya, yeye aliyekwisha kukaa nyumbani karibu miaka miwili.

Ningeweza kusingizia mpaka, kwani mwezi ule ule malori yalipanga msururu mrefu Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, na wengi walipata udhuru hapo. Lakini kitambaa kilikuwa ndani kwangu tangu Desemba. Kosa lilikuwa langu.

Mume wangu alipokuja likizo nilimweleza. Sikupenda aliyonijibu, lakini yamenifaa hadi leo. Aliniuliza, "Mama Watoto, askari aliyeko zamu langoni hutumwa sokoni?" Nikasema hatumwi. "Na akimaliza zamu, huandika nini kitabuni?" Nikasema huandika saa aliyoingia, saa aliyotoka na yaliyotokea. Akasema, "Basi wewe huna zamu wala huna kitabu. Una cherehani tu."

Nilinunua daftari. Kwa juma moja sikubadili jambo lolote. Niliandika tu kila nilipokaa na kila nilipoinuka. Nilikuwa nikijidanganya kwamba nafanya kazi saa tisa kwa siku. Daftari lilionyesha kwamba cherehani ilizunguka saa tatu na nusu. Saa nyingine zote zilikwenda katika kuinuka, kurudi na kutafuta mkasi.

Juma la pili nilijipangia zamu mbili: saa 2 hadi saa 6 asubuhi, na saa 8 hadi saa 10 alasiri, wakati mwanga ungali mzuri. Nikaacha kushona nguo moja toka mwanzo hadi mwisho. Jumatatu nakata zote, Jumanne na Jumatano naunga, Alhamisi natoboa na kushona matundu ya vifungo, Ijumaa napiga pasi na kukabidhi. Mkono uliozoea jambo moja huenda upesi, na uzi haubadilishwi kila mara. Simu hukaa kabatini mpaka zamu iishe. Fedha ina makopo mawili, la nyumba na la kazi, na kopo la kazi haliguswi hata kama mshahara umechelewa na chumvi imekwisha. Tena nimejua kipimo changu: sare kumi kwa juma. Anayeleta ya 11 nampa tarehe ya juma linalofuata, na asipoafiki namwelekeza kwa fundi mwingine.

Gumu kuliko yote lilikuwa jirani. Nilitundika pazia mlangoni, nikasema likishuka niko zamu, likipanda karibuni. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikasirika, akasema nimekuwa ofisa. Maneno yake yaliniuma, kwa sababu katika kota, waume wakiwa mbali, jirani ndiye ndugu. Yeye ndiye aliyembeba mwanangu usiku kumpeleka hospitali alipozidiwa na homa. Nilimwendea saa 10 na birika la chai, nikamweleza habari ya yule mtoto wa mlangoni. Nikamwambia homa, uchungu wa uzazi na moto havingoji pazia, zipu hungoja. Alinyamaza siku kadhaa. Siku hizi yeye hukaanga mandazi ya kuuza, na mlangoni pake pana pazia pia.

Akina mama wenzangu, sisi tunaoishi kambini tunajua jambo ambalo wengine hawalijui: nyumba hizi si zetu. Siku mume atakapostaafu, au siku ya msiba, tutafunga vyombo tuiache kota kwa familia nyingine. Nimeona lori likipakia vitanda na masufuria, mjane amesimama kando hajui aendako. Cherehani itapakiwa lorini pamoja nami, na mtaji ulioko koponi utakuja pia, iwapo sikuula. Lakini cherehani bila wateja wanaokuamini ni chuma tu, na mteja humwamini fundi kwa tarehe aliyomwahidi.

Yule mtoto sasa amenipita kimo. Mwanzoni mwa muhula alimleta mdogo wake nimpime. Nilipokwisha kupima nikamwandikia siku ya kuja kuchukua. Aliitazama karatasi, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mama, tarehe hii ni ya kweli?"

Nilimfungulia daftari akasome mwenyewe. Mdogo wake aliingia darasani siku ya kwanza akiwa na sare yake.