Kumrudia Fundi Aliyeharibu Kazi

Mtu apelekaye gari lake kwa fundi ni kama mgonjwa aendaye kwa mganga: hutoa kilicho chake, hulipa fedha, wala hajui lililotendeka ndani. Aliyenunua kitambaa aweza kukikunjua na kukitazama juani. Aliyenunua mahindi aweza kuyapima. Walakini aliyelipia matengenezo ya breki haonyeshwi kitu ila gari lile lile alilolileta, pengine limeoshwa, pamoja na karatasi ya hesabu. Kwa hiyo kazi ya fundi wa magari ni kazi ya amana. Nayo amana hiyo ikivunjwa, hasara haikomi katika mfuko wa mwenye gari. Humfikia abiria aliyeketi nyuma, humfikia na mtoto avukaye njia, asiyejua hata gereji ile iko wapi.

Twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo moja: fundi akiharibu kazi, tumfanyeje? Tumeona watu wa namna mbili. Wa kwanza hupandwa na hasira. Huenda gerejini akipiga kelele, akamtukana fundi mbele ya vijana wake, na fundi naye, kwa kuwa ni mtu mwenye uso, hujitetea hata kwa uongo. Wa pili, nao ndio wengi, hunyamaza. Husema, "Yule ni jirani, nitaonekana mgomvi." Kisha hulipeleka gari kwa fundi mwingine, hulipa mara ya pili, na tangu siku ile humsengenya yule wa kwanza katika kila baraza. Kwa maoni yetu hawa wote wawili hawakutenda haki. Wa kwanza amemvunjia fundi heshima, wa pili amemnyima maarifa. Na jirani atakayepeleka gari lake kesho ataharibiwa vile vile.

Haya hatuyasemi kwa kusikia tu. Miaka michache iliyopita tulikuwa walimu watano tuliochangia gari moja dogo la abiria. Shule yetu iko katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na njia ya kushukia Mombo yajulikana na wote waliokwisha kuipita: yazunguka ubavuni mwa mlima, huku mwamba, huku korongo, tangu Lushoto hata Soni, na tangu Soni hata uwanda wa chini. Gari hilo lilituchukua sisi wenyewe, likachukua wanafunzi waendao kwenye mashindano, na mara nyingi usiku lilichukua wagonjwa.

Breki za nyuma zilipoanza kulia, tulilipeleka katika gereji moja huko bondeni. Tulipatana na fundi mkuu, tukaandika mapatano katika nakala mbili: magurudumu mawili ya nyuma yafunguliwe, viatu vyote vinne vya breki vibadilishwe, mafuta ya breki yamwagwe na kutiwa mapya. Siku ya tatu tuliitwa, tukalipa fedha yote, tukapewa stakabadhi.

Mwenzetu aliyekuwa akiliendesha ana desturi ya kulijaribu gari katika njia tambarare kabla ya kuushika mlima. Alipokanyaga breki, pedali ilizama ikakaribia sakafu. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu, ndipo gari likashika, nalo likavuta upande wa kushoto. Akalisimamisha kando ya njia. Asubuhi yake gari hilo lilikuwa literemke na wanafunzi kumi na wawili. Tulikaa kitambo bila ya mtu kusema neno, na twadhani kila mmoja alikuwa akizihesabu zile kona moyoni mwake.

Yafaa tueleze hapa maana ya pedali kuzama. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu mwaka 1623 hata 1662, alifundisha ya kuwa maji au mafuta yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, nguvu ile huenea sawasawa kila upande. Hiyo ndiyo siri ya breki za mafuta: mguu wa dereva husukuma mafuta machache mbele, na nguvu yake hufika magurudumuni papo hapo, kwa kuwa mafuta hayashindiliki. Lakini upepo hushindilika. Ukiingia katika mabomba, mguu husukuma upepo, upepo hujikunja, na gurudumu halipati kitu. Kwa hiyo fundi akiisha kufungua breki lazima autoe upepo wote, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka mafuta yatoke bila ya povu. Si kazi ngumu; yataka mtu wa pili wa kukanyaga pedali, na subira.

Tulipokuwa pale kando ya njia maneno yalizuka kati yetu. Mmoja alitaka twende moja kwa moja kituo cha polisi. Mwingine alitusihi tusiseme neno, kwa kuwa yeye na fundi mkuu ni majirani waliozikiana wazee wao. Tena kijana aliyelishughulikia gari letu alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani. "Tutamwaibisha mtoto wetu wenyewe," alisema. Mkubwa wetu akamjibu, "Mwalimu mwenzangu, tukinyamaza hatumwachi na heshima yake. Twamwacha na kosa lake, na siku moja litaua mtu." Neno hilo ndilo lililotuongoza. Tukampigia fundi mkuu simu, tukamwomba aje mwenyewe, nasi gari hatukulisogeza.

Alikuja, akakanyaga pedali, akasema, "Walimu wangu, breki mpya huwa hivyo. Zitazoea." Maneno yale yalikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli ya kuwa viatu vipya huhitaji mwendo kidogo hata vikae sawasawa. Lakini upya hauizamishi pedali mpaka sakafuni, wala hauvuti gari upande. Mkubwa wetu akasema, "Fundi mkuu, hatukuja kugombana nawe. Gari lafanya mambo haya mawili, nawe umeyaona. Twakuomba magurudumu yote mawili yafunguliwe mbele yetu." Akakubali. Gari likavutwa polepole hata gerejini.

Gurudumu la kushoto lilikuwa na viatu vipya. La kulia lilipofunguliwa, vilionekana vile vile vya zamani, vimelowa mafuta yaliyovuja katika silinda ndogo ya gurudumu. Nasi tulikwisha kulipia vyote vinne. Fundi mkuu alimtazama kijana, na kijana akainama. Kisha habari yote ikatoka. Siku ile magari matatu yalipokewa pamoja. Fundi mkuu alikwenda mazishini, akamwachia kijana kazi. Dukani palikuwa na viatu vya gurudumu moja tu, na vingine viliagizwa Tanga. Karani, asiyejua lolote, akaandika hesabu kamili kwa kuifuata karatasi ya mapatano. Na gari likatolewa bila ya mtu hata mmoja kulijaribu njiani. Hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na watu watatu, kila mmoja akidhani mwenzake ameangalia.

Tuliomba mambo matatu. Kwanza, kazi irudiwe yote kwa gharama ya gereji, pamoja na ile silinda iliyovuja, kwa kuwa aliyefungua gurudumu angaliiona na kutuambia. Pili, stakabadhi iandikwe upya kwa kweli. Tatu, kazi ikiisha, fundi mkuu mwenyewe apande pamoja nasi mpaka Soni na kurudi. Mambo yote matatu alikubali. La nne, yaani fedha ya kukodi gari jingine kwa wale wanafunzi, alilikataa, nasi tukaliacha. Hata leo hatujapatana sisi kwa sisi kama ilitupasa kuliacha. Mmoja wetu husema tulinunua amani kwa bei nafuu; mwingine husema haki iliyokatwa robo si haki. Lakini siku ya kushuka kutoka Soni fundi mkuu aliketi mbele, karibu na dereva, na yule kijana nyuma yake, na pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Tangu siku ile tulimsikia kijana mara nyingi akimwambia mwenye gari, "Ngoja kwanza nilijaribu njiani."

Katika mambo hayo tulijifunza machache yawezayo kumfaa kila msomaji. La kwanza ni maandiko. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi bila daftari hupotea vivyo hivyo. Andikeni litakalofanywa, vitu vitakavyobadilishwa, bei, na siku. La pili, ombeni vile vitu vya zamani vilivyotolewa garini. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, na asiye mwaminifu hujua ya kuwa atatazamwa. La tatu, kosa likionekana, msilipeleke gari kwa fundi wa pili kabla ya wa kwanza kuliona; maana likiisha kuguswa na mikono miwili, ni nani atakayejua mkono upi uliharibu? Pigeni picha, andikeni saa na mahali. La nne, semeni lile gari lifanyalo, wala msiseme vile fundi alivyo. "Pedali yazama" ni neno liwezalo kupimwa. "Wewe ni mwizi" ni neno la kuanzisha vita. La tano, atengenezaye breki apande gari lenyewe.

Sharti la fundi kuirudia kazi yake si jambo la leo. Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala kadiri ya miaka 1750 kabla ya Kristo, alichonga sheria zake juu ya jiwe jeusi. Jiwe hilo lilifukuliwa Susa mwaka 1901, nalo limewekwa Paris, katika nyumba ya makumbusho ya Louvre. Mojawapo ya sheria hizo yamhusu fundi wa vyombo: akikalafati chombo cha mtu, na kabla ya mwaka kwisha chombo kikaonekana kibovu, fundi na akifumue na kukiimarisha kwa mali yake mwenyewe. Wenyeji wa pwani yetu watalifahamu jambo hilo mara moja, maana jahazi lililokalafatiwa vibaya halitoi aibu yake bandarini. Huitoa katikati ya bahari.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yampa mtu aliyevunjiwa mapatano haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo, na lugha yake ni Kiswahili, basi mtu asiogope kwa kudhani hatasikiwa. Iko pia Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mojawapo ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Lakini mafundi nao wana haki yao: aliyetumia ustadi wake juu ya mali ya mtu aweza kuizuia mpaka alipwe ujira wake. Kwa hiyo si busara kuliondoa gari kwa nguvu. Mkishindana juu ya hesabu, aheri kulipa na kuandika juu ya stakabadhi yenyewe ya kuwa mmelipa bila ya kuikubali kazi, kisha mkadai. Mahakama na iwe mlango wa mwisho. Mlango wa kwanza ni ule wa gereji yenyewe.

Sisi walimu twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Mwanafunzi akikosea hesabu, hatumpelekei jirani daftari lake, wala hatulifungi kimya kimya kwa kumwonea haya mzazi wake. Twatia alama palipokosewa, twamrudishia mwenyewe, naye huifanya tena. Kwa nini basi mwanafunzi yule yule, akiisha kuwa fundi, tumnyime wema huo? Nanyi mafundi msomao makala hii, mteja arudiye kwenu na gari bovu na maneno ya adabu msimhesabu kuwa adui. Adui ni yule aliyeona kosa, akatabasamu, akaenda zake, akawaacha mlirudie katika gari la mtu mwingine. Mpokeeni arudiye, fungueni gurudumu mbele yake, na kama kosa ni lenu, litengenezeni siku ile ile, kabla gari halijaukabili mteremko.