Barua kutoka Luthuli

Nairobi, Jumapili usiku

Mdogo wangu Salim,

Nimefika salama, na kompyuta yako iko hapa chini ya kitanda cha shangazi, nimeifunika blanketi. Treni iliondoka Miritini saa tisa alasiri. Tsavo niliwaona ndovu wekundu kwa vumbi, kisha giza likaingia. Mwambie mama baridi ya huku ni ya kweli.

Sasa tuje kwenye lako. Jumamosi nilianza barabara ya Luthuli, nikapandisha hadi Revlon Plaza, ngazi kwa ngazi. Ukikubali kila kitu kiwe kipya, elfu arobaini na tano zetu zinaishia kwenye prosesa na mazabodi. Ndipo nikaamua tununue mashine ya ofisi iliyotumika, zile wanazoziita "ex-UK", halafu pesa kubwa tuiweke kwenye kadi ya picha. Kwenye michezo, kadi ndiyo inayobeba mzigo.

Huku ukisema "CPU" wanakuletea kasha zima, kwa hiyo uliza prosesa kwa jina. Namba zake zinasomeka: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-6500 cha sita. Nilishikilia cha nane, kwa kuwa hapo ndipo i5 za mezani zilipotoka viini vinne zikawa na sita, na Windows 11 haikubali rasmi kizazi cha saba kwenda chini, isipokuwa prosesa chache mno. Windows 10 nayo, Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Muuzaji mmoja alinisukumia ya sita kwa bei ya kuvutia sana. Nilikataa, na sijuti.

Tumepata Dell OptiPlex, kasha refu. Urefu huo niliutafuta makusudi: yale membamba yanapokea kadi fupi tu, na hizo ni chache na ghali. Lakini hata hili refu, pawasaplai yake haifiki wati 300, na plagi zake si za kawaida, huwezi kuibadilisha ovyo. Kwa hiyo kadi lazima iridhike na wati 75 zinazotoka kwenye mazabodi yenyewe. GTX 1650 inaweza, ila si zote! Nyingine zina tundu la waya wa ziada wa umeme. Niligeuza kadi tano mkononi, nikitazama ukingo wa juu, mpaka nikapata isiyo na tundu.

Kabla ya hapo nilikaribia kuumizwa. Duka moja lilinipa "GTX 1050 Ti" kwa bei ya kutupa. Nikaona tundu la buluu la VGA, nikashtuka, maana chipu za kizazi kile hazitoi tena picha ya namna hiyo. Nikaomba waichomeke, nikafungua programu ya GPU-Z niliyoibeba kwenye flashi. Ndani mlikuwa na chipu ya zamani mno iliyoandikwa jina jipya. Salim, iliniuma. Si kwa ajili yangu, nilikwishaiona. Nilimfikiria mtoto aliyeweka akiba mwaka mzima, akaipeleka nyumbani mpaka Garissa au Lamu, asijue kwa nini mchezo unakwama.

RAM ilikuja kipande kimoja cha GB 8. Nimeongeza cha pili kinacholingana nacho, maana viwili hufanya kazi sambamba na mchezo haugugumii. SSD ni ya GB 256, itakubana, tutaongeza Ramadhani ikipita.

Fundi aliiwasha mbele yangu, akaacha mchezo wa mpira ukicheza nusu saa nzima. Feni ilivuma kidogo tu, na joto la kadi halikufika nyuzi 70.

Narudi Jumanne. Njoo Miritini na tuktuk, na ulete mto wa kuiwekea, barabara ya kwetu unaijua.

Kaka yako,
Hamisi