Binti alipojua mama ananengua klabu

Fomu ya shule ina mstari unaowapa shida wazazi wengi kuliko wanavyokubali: kazi ya mzazi. Kwa miaka mitano mama mmoja mkazi wa Mwananyamala, Dar es Salaam, aliujaza kwa neno "mfanyabiashara". Hakuwa na duka wala genge. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili yeye ni mnenguaji katika klabu ya usiku, kazi aliyoianza akiwa na miaka 20 kwenye bendi ya dansi.

Wanenguaji wanajulikana mjini, hata na wale wanaosema hawajawahi kuwaona. Twanga Pepeta ilipokuwa ikiijaza Mango Garden pale Kinondoni, kuna waliokwenda kwa ajili ya magitaa na kuna waliokwenda kwa ajili ya viuno, na Aisha Madinda, aliyefariki Desemba 2014, alikuwa na jina kubwa kama waimbaji wenyewe. Mama huyu hakufika huko. Bendi yake ilipokosa maonyesho akahamia klabu, ambako hakuna mazoezi ya pamoja wala viongozi wa safu. Ni yeye, DJ, taa na jukwaa lenye upana wa meza mbili.

Nyumbani maelezo yalikuwa mepesi: mama yuko zamu hotelini. Bibi alikariri hivyo, na mjomba akikaribia kuropoka alikanyagwa mguu chini ya meza. Ulikuwa uongo wa ukoo mzima, na uongo wa namna hiyo hudumu hadi siku mtoto wa jirani aliye na simu anapoamua vinginevyo.

Binti alikuwa darasa la tano. Alionyeshwa video ya sekunde chache, akamtambua mama kwa kicheko kabla hata ya kumtazama usoni. Alirudi nyumbani, akaosha vyombo bila kuambiwa, akala kidogo, akalala mapema. Bibi alidhani ni malaria. Siku ya tatu ndipo mama akaelewa, maana mtoto aliacha kumpokea mkoba kila aliporudi, jambo ambalo hakuwahi kulisahau tangu ajue kutembea.

Mama alimkalisha kitandani Jumatatu, siku ambayo haendi kazini. Alikuwa amejiandaa kuulizwa kuhusu nguo. Hakuulizwa. Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini wale wanaume wanakubandika hela usoni? Mama akajibu kwamba ndivyo watu wanavyowatunza wachezaji, na kwamba hela hiyo ndiyo iliyonunua daftari na viatu vyake. Swali la pili lilimchukua muda: usiku nani anakurudisha?

Hapo hakuwa na jibu zuri. Saa tisa usiku, jasho likiwa halijakauka, alikuwa akipanda bodaboda yoyote iliyo karibu na mlango. Mara mbili alifuatwa na wateja hadi kituoni. Haya hakuwa amemwambia hata bibi.

Wazazi husikia "klabu" wakafikiria viuno tu, kumbe sehemu kubwa ya hatari iko kwenye mambo ya kawaida ya ajira ambayo hakuna anayeyauliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuwa kazi ya usiku, na mfanyakazi anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mama aliyejifungua hapangiwi usiku hadi miezi miwili ipite. Mama huyu alimzaa mdogo wake binti, arobaini ikatimia, wiki hiyohiyo akawa jukwaani, kwa kuwa meneja alishasema nafasi haisubiri. Hakuwahi kuandikiwa mkataba wala kuchangiwa NSSF. Wengi wa wenzake wako hivyohivyo. Na anayemchukua msichana wa chini ya miaka 18 kucheza usiku anavunja Sheria ya Mtoto ya 2009, hata kama msichana mwenyewe ameapa kuwa ni mtu mzima.

Baada ya mazungumzo yale yalibadilika machache. Sasa ana dereva mmoja wa bajaji anayelipwa kwa wiki, na akishapanda humpigia bibi. Kuhusu video, alimweleza binti kwamba akitaniwa asipigane, aseme tu "ndiyo, ni mama yangu" na aende zake. Mtoto alijaribu mara moja. Alisema haikusaidia sana.

Bibi bado hataki kazi hiyo itajwe mbele ya wageni, na hawezi kulaumiwa. Ana miaka mingi ya kuishi na majirani haohao. Mama mwenyewe anahesabu magoti yake. Ana miaka 34, na anasema akipita 36 DJ ataanza kumpa nyimbo za polepole.

Kwenye kikao cha wazazi muhula huu alikaa safu ya pili. Baba mmoja wa kamati alipomwona alikodolea karatasi zake hadi kikao kikaisha. Mama huyo anamfahamu vizuri: hukaa meza ya kona, na Ijumaa hutunza kwa noti za elfu kumi.