Chungu cha Fizi na Chungu cha Meksiko

Msafiri atokaye Uvira kuelekea kusini hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, milima mkono wa kuume na maji mkono wa kushoto, mpaka afike Baraka. Ng'ambo ya ghuba huonekana rasi ya Ubwari. Toka Baraka njia yapanda milimani hata Fizi, nchi ya Wabembe na majirani zao, penye mashamba ya mihogo, mahindi na maharagwe.

Tukipita vijijini jioni, twaona chungu juu ya mafiga matatu. Ndani yake mna maharagwe. Kando yake nyanya, pilipili na mawese. Wasomaji wapenzi, mwajua kwamba vitu hivi, isipokuwa mawese, asili yake ni Amerika? Mahindi, maharagwe na pilipili vililimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita. Wareno walianza kuleta mahindi na mihogo pwani za Afrika katika karne ya 16.

Huko Texas, nchi iliyokuwa ya Meksiko mpaka mwaka 1836, watu hupika vitu hivyo pamoja na nyama. Wengi huviacha kutwa nzima katika chungu cha umeme chenye moto mdogo, chombo kilichopewa hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1940. Jioni hurudi kazini wakakuta chakula tayari.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, wakafika kambi ya Nyarugusu, Mkoa wa Kigoma. Huko kuni zilikuwa haba, na mama aliyezitafuta mbali alijitia hatarini. Baadaye wengine walihamia Marekani, hata Texas yenyewe. Mtu wa Fizi aonjaye huko maharagwe yenye pilipili hali chakula kigeni kabisa.

Asiye na umeme naye aweza kupika hivyo. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe nusu saa kwa moto mkali. Ongeza vitunguu, nyanya, pilipili, chumvi na mawese, vichemke pamoja. Funika chungu, kiweke katika kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu, ukizungushie blanketi. Baada ya muda wa saa nne kirudishe motoni kichemke tena mpaka maharagwe yalainike. Kula kwa ugali.

Lakini angalieni sana! Maharagwe mekundu mabichi yana sumu. Moto mdogo peke yake hauiondoi, bali waweza kuizidisha. Mlaji hutapika na kuhara. Kwanza moto mkali, ndipo subira.

Basi, wazazi, jaribuni njia hii. Mzigo mmoja wa kuni utadumu siku nyingi zaidi, na binti aliyezoea kutumwa msituni atapata saa ya kusoma.