Wageni wa Angani

Ugeni una adabu zake, na kila njia ya safari huleta ugeni wa namna yake. Mgeni wa miguu huhitaji maji ya kunawa na mahali pa kuketi. Mgeni wa gari huhitaji kivuli cha kuegesha gari lake. Lakini mgeni ajaye kwa ndege humpa mwenyeji kazi iliyo kubwa zaidi, kwa sababu yote lazima yatimizwe kabla yeye hajaonekana. Akiwa juu hawezi kusimama kando ya njia akauliza. Mafuta yake yanapungua na ardhi inamngoja, na kila alichokisahau mwenyeji, mgeni atakikuta kwa mwendo wa kasi. Jambo hili nimelijua kwa kulitenda, kwani mwaka mmoja niliwekwa kuwa katibu wa kamati iliyoandaa mkutano wa marubani katika kiwanja kidogo cha ndege karibu na shule ninayofundisha.

Mkutano wa namna hii si mashindano, wala si maonyesho ya vita. Watu wenye leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zao wenyewe, si kwa ujira, huondoka kila mmoja kwake asubuhi, wakakutana mahali palipochaguliwa, wakala pamoja, wakatazamana ndege na kufunzana, kisha jioni wakarejea makwao. Desturi hiyo ina umri. Huko Marekani, chama kilichoasisiwa na Paul Poberezny katika jimbo la Wisconsin kilifanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1953, nao ulikuwa mdogo. Tangu mwaka 1970 makao ya mkutano huo ni mji wa Oshkosh, na siku hizi ndege zaidi ya 10,000 huja kwa ajili yake. Marubani wanaokaribia mji hufuata njia ya reli, mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Mwongozaji aliye chini humwita kila mmoja kwa rangi na aina ya ndege yake, na rubani hujibu si kwa maneno bali kwa kutikisa mbawa. Wangejibu wote kwa vinywa, asingesikika hata mmoja.

Kenya nayo si ngeni katika mambo haya. Chama cha marubani kiitwacho Aero Club of East Africa kilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 bibi mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways, na kiwanja cha Wilson mjini Nairobi kina jina lake mpaka leo.

Kiwanja chetu hakina jina kubwa. Kiko katika nyanda za juu, futi 6000 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ni ya changarawe na nyasi, na mnara wa waongozaji hakina. Niliteuliwa kuwa katibu si kwa kuwa nilijua kurusha ndege, maana sijui hata leo, bali kwa kuwa mwalimu amezoea kuita majina na kuhesabu vichwa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja, rubani wa miaka mingi, ambaye watu wote walimwita Kapteni. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwalimu, ndege zijue kuwa zitaruka zenyewe. Kazi yetu ni chini."

Basi tukaanza chini. Tuliomba kibali kwa mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa anga, ili marubani wote, hata wasioalikwa, wapate taarifa kwamba siku ile anga yetu itakuwa na shughuli. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kila mgeni, tukamweleza kimo cha kiwanja, urefu wa njia, masafa ya redio ambayo kila mmoja atajitangaza, na kwamba atazunguka kwa kupinda kushoto, futi 1000 juu ya ardhi, kabla ya kutua. Tulinunua kitambaa kipya cha mfuko unaoonyesha upepo, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umechakaa hata haukuweza kusema kweli. Mafuta yalikuwa na sheria yake. Petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi ya samawati ili isidhaniwe kuwa mafuta ya ndege za jeti, na mtu mmoja tu ndiye aliyepewa ufunguo.

Kisha wanafunzi wangu wakaingia kazini. Walijipanga kwa upana wa njia, mkono kwa mkono, wakatembea toka mwanzo hata mwisho wakiokota mawe. Jiwe dogo kama kunde, likivutwa na rafadha inayozunguka, laweza kuitia pengo. Walifukia mashimo ya ngiri. Ama wafugaji ambao ng'ombe wao wamezoea kuvuka pale, hatukuwafukuza. Tulikwenda kwa wazee wao, tukanywa chai, tukapatana kwamba siku ile mifugo italisha ng'ambo ya mto, na vijana wao watakuwa walinzi wa mpaka. Aliyekuwa tatizo akawa mlinzi, na siku nzima hatukuona hata ndama.

Jumamosi yenyewe, saa mbili na robo asubuhi, tulisikia mngurumo kabla ya kuona kitu. Hata saa nne ndege 19 zilikuwa zimetua, zikapangwa kwa safu na kufungwa kamba. Wanakijiji walisimama nyuma ya kamba nyingine, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivuka pasipo kushikwa mkono na mtu wa kamati. Rafadha ikizunguka kwa kasi haionekani, na hata iliyosimama hupaswa kuheshimiwa kana kwamba itazunguka sasa hivi.

Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba wanafunzi waliopata idhini ya wazazi wao watarushwa kidogo, bure, kwa kuwa rubani wa leseni ya namna ile haruhusiwi kutoza nauli. Tena tuliandika kwamba safari hizo zitakoma saa tano na nusu. Ilipofika saa hiyo, 11 walikuwa wamekwisha kuruka, na wa kumi na mbili, msichana wa kidato cha tatu aliyeshika daftari la darasa lake, alikuwa amesimama kwenye kamba. Kapteni akainua mkono, akasema, "Basi."

Mfanyabiashara mmoja aliyetoa mbuzi wawili kwa karamu alikuja na watoto wake watatu. "Mwalimu," aliniambia, "mbuzi wangu wameliwa na wageni. Watoto wangu watakosaje kuruka? Jua linawaka, mbingu ni safi." Maneno yake yalikuwa na uzito, kwa sababu mwaka ujao tungemhitaji tena, nami nilihisi macho ya watu juu yangu. Kapteni akamjibu kwa upole: "Ndugu yangu, tumekula chakula chako na tunakushukuru. Jua hilo unaloliona jema ndilo ninaloliogopa. Ningekuwa sikupendi, ningekubali." Yule bwana alinyamaza, kisha akaondoka pasipo kuaga.

Msichana hakuondoka. Aliuliza, "Kapteni, jua lina kosa gani?" Mzee akachuchumaa, akachukua kijiti, akaandika vumbini. Kwenye futi 6000, alisema, watengenezaji wa ndege huhesabu joto la kawaida kuwa nyuzi 3 tu za Selsiasi. Saa ile kipimajoto chetu kilisoma 27. Zimezidi nyuzi 24, na kila nyuzi moja huwa kana kwamba imeinua kiwanja futi 120. "Zidisha," akamwambia. Msichana akazidisha: 2880. Akajumlisha na 6000, akapata 8880. "Naam," akasema mzee. "Macho yako yaona kiwanja kile kile, lakini mbawa na injini zaona kiwanja kilichopanda mlimani. Hewa ya joto ni nyepesi. Mbawa hazipati cha kushika, na injini haipati cha kuvuta. Ndege yenye abiria wanne itakimbia mpaka njia iishe kabla haijataka kuinuka." Msichana aliitazama hesabu kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini haukuwa na kinyongo.

Alasiri jua lilipopoa, wageni walianza kuondoka mmoja mmoja. Tulikuwa tumewaomba wote watupigie simu wakishatua, nami nikampa yule msichana kalamu na orodha. Kila simu ilipolia alitia alama mbele ya jina. Ilipofika saa kumi na mbili na robo, alama zilikuwa 18. Rubani anayeongozwa na macho yake hupaswa kuwa ardhini kabla ya giza, na jua lilikuwa likizama. Karamu ilikwisha, viti vilirundikwa, wala hakuna aliyezungumza. Kapteni aliketi juu ya pipa, kofia magotini. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano simu ililia. Alikuwa ametua salama zamani. Alikuwa akiifunga ndege yake kwa sababu ya upepo. Msichana akatia alama ya kumi na tisa, akaikagua orodha tena toka juu hata chini, ndipo akafunga daftari.

Watu husema kwamba anga ni mahali pa uhuru, na marubani husema hivyo kwa furaha kuliko wote. Nami nakubali, lakini nimeona uhuru huo unakotoka. Umetoka kwa watoto waliookota mawe, kwa wafugaji waliotimiza ahadi, kwa mzee aliyekataa kumpendeza mtu mwenye mali, na kwa msichana aliyenyimwa safari akakubali kuhesabu safari za wengine. Ewe mwanafunzi, siku moja utapewa kuandaa jambo, harusi au mchezo au mkutano. Utakuwapo wakati ambapo kusema "ndiyo" kutakupatia marafiki wengi. Pima kwanza hewa ilivyo, kisha jibu.