Kwenda Polepole Bila Kuanguka



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo lililochukua jioni zangu nyingi, yaani maandalizi ya mtihani wa vitendo wa leseni ya pikipiki. Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang pikipiki si anasa. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa Haydom au Katesh, na ndiyo inayotufikisha kwenye vigango ambavyo gari hushindwa kuvifikia wakati wa masika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka kila dereva awe na leseni. Anayejifunza hupata kwanza leseni ya muda, na chombo chake hubeba alama ya L. Kisha hupimwa na askari wa usalama barabarani, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Kwenye karatasi mambo hayo ni mepesi. Uzito wake huonekana uwanjani.

Kijana wa bodaboda anayenielekeza amebeba abiria kwa miaka kadhaa, naye anajiandaa kwa mtihani huohuo. Hupanga mawe katika mstari, nasi hupita katikati yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuweka mguu chini. Ameniambia kwamba penye kasi pikipiki hujisimamia yenyewe, lakini penye mwendo mdogo dereva ndiye anayeisimamisha. Klachi huachiwa nusu, breki ya nyuma huguswa kidogo, na macho hutazama mbele unakokwenda. Ukilikazia macho jiwe unaloliogopa, utaligonga.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, aliyezoea barabara ndefu, huyumba anapozunguka umbo la nane. Mwenye pikipiki amemweleza kwamba asipopata leseni chombo kitapewa mtu mwingine, naye ana mke na mtoto mchanga wanaotegemea kazi hiyo. Rafiki zake wamemshauri atafute leseni bila kupimwa. Amekataa. “Karatasi haifungi breki pale Magara,” aliniambia.

Tuyatafakari maneno hayo. Mlima wa Magara ni ukuta wa Bonde la Ufa, na barabara yake hushuka kwa kona kali. Wapo wanaozima injini wakiteremka ili kuokoa mafuta, wakabaki na breki peke yake. Aliyefundishwa huweka gia ndogo mapema, injini ikasaidia kuzuia chombo. Tena hujua kwamba kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Na kwamba juu ya tope breki ya mbele ikibanwa ghafla, gurudumu huteleza.

Ndugu zangu, abiria wa bodaboda ni mama mjamzito, ni mwanafunzi, ni mzee anayefuata dawa. Hawezi kuiona leseni mfukoni mwa dereva; huhisi tu namna anavyokata kona. Kwa hiyo, ninyi wenye pikipiki, wapeni vijana wenu siku za kujifunza kabla ya kuwadai hesabu ya jioni. Nanyi abiria, msimhimize dereva akimbie, na msipande bila kofia ngumu.

Mtihani wetu ni Alhamisi asubuhi. Kesho jioni tutayapanga mawe tena.

Nawatakia juma jema.