Niliijua Ile Tatu ya Kopa

Mwaka wa 1999 nilikuwa utingo wa lori lililobeba mahindi ya wakimbizi kutoka Kitale hadi kambi ya Kakuma. Lodwar tulilala, kisha msafara ukaondoka na askari, kilomita kama 120 za lami iliyotafunwa na mashimo. Kakuma tulingoja zamu ya kupakua, na kungoja huko kulihesabiwa kwa siku. Kivuli cha miti ya mathenge kina miiba, kwa hiyo tulikaa chini ya trela, tukatandaza gunia, na kadi zikatoka mfukoni.

Mchezo wetu ni ule ambao Wakenya wengi wanaujua kwa jina la poka, ingawa hauna undugu na poka ya Wamarekani. Mbili inamwokotesha mwenzako kadi mbili, tatu inamwokotesha tatu, esi inazuia adhabu na kukupa ruhusa ya kuagiza. Nane na malkia huuliza swali. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze, “Niko kadi,” na hapo wote hukugeukia.

Pakiti yetu ilikuwa moja, ya karatasi, na ilikuwa imesafiri na lori kwa miezi mingi. Jua la Turkana huzipinda kadi za karatasi kama magome. Vumbi la laga, ule mto mkavu wa Tarach, liliingia kila mahali, na vidole vyetu vilikuwa na grisi. Esi ya shupaza ilikuwa na doa la chai mgongoni. Jeki mmoja aliungua ukingoni kwa sigara. Tatu ya kopa ilivunjika kona, ikabaki na mkunjo mweupe ulioonekana hata ikiwa katikati ya rundo. Hakuna aliyezitia kadi alama hizo kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hatukuuita udanganyifu. Sisi wa lori tulizijua zote kwa migongo yake, kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, na kwa kuwa sote tulijua, mchezo baina yetu ulikuwa sawa.

Ubaya ulianza alipokaa mgeni.

Alikuwa kijana wa Sudan, wa rika langu, mmoja wa wale wavulana waliofika Kakuma kwa miguu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka wa 1992. Kiswahili alijifunzia hapo hapo. Alikuja na betri mbili za tochi, zile kubwa, na akaziweka juu ya gunia kama dau lake. Mimi niliweka kandambili. Aliniambia betri hizo ndizo anazosomea usiku.

Alicheza vizuri kuliko sisi. Alibakiwa na kadi moja, akasema, “Niko kadi.” Zamu ilikuwa yangu. Mkononi nilikuwa na saba iliyofaa kuteremshwa. Lakini juu ya rundo la kuokotea niliona kona nyeupe. Nikaiacha saba, nikaokota. Naye akaokota pia, maana kadi yake haikukubali, akatangaza tena zamu iliyofuata. Hapo nikamteremshia tatu ya kopa. Akala kadi tatu, akapoteza mchezo.

Alinitazama, kisha akaitazama ile saba niliyokuja kuicheza baadaye. “Ndugu, umejuaje?”

Nikamjibu, “Ni bahati tu.”

Kijana huyu aliijua kadi yenye alama kuliko mimi. Siku ya mgao, kadi yake ya chakula ilitobolewa tundu, na tundu lile lilimwambia kila mtu kwamba ameshapokea. Mwenye kutoboa aliliona, mwenye kupokea aliliona, na maana yake ilikuwa moja kwa wote. Tatu yangu ya kopa ilikuwa na maana kwangu peke yangu. Hiyo ndiyo tofauti, na ilinichukua miaka mingi kuitamka.

Desemba iliyopita mtoto wa dada yangu alirudi Lodwar kutoka chuoni Nairobi na kadi za Magic: The Gathering, mchezo uliozaliwa Marekani mwaka wa 1993. Kila kadi aliivalisha mfuko wake wa plastiki wenye mgongo usiopenyeza macho. Niliinua mmoja, akanionya, “Mjomba, usikunje kona.” Akanieleza kwamba kwenye mashindano jukumu la kuhakikisha kadi hazina alama ni la mchezaji mwenyewe. Mfuko ukichakaa, mwamuzi atakuagiza uubadilishe na kukupa onyo, hata kama hukukusudia lolote. Akikuta alama zinafuata mpangilio, kwa mfano ziko kwenye kadi zako bora tu, unaweza kupoteza mchezo mzima. Kwa hiyo kabla ya mashindano wao huzigeuza kadi zote, huzitazama migongo moja moja kwenye mwanga, na hununua mifuko mipya mapema.

Nilimsikiliza kwa uchungu. Sisi tulikuwa na duka la pakiti mpya hapo hapo Lodwar. Tungeweza kuitupa ile ya zamani siku kona ilipovunjika. Angalau tungeweza kumwambia mgeni: ile yenye kona ni tatu, yenye doa ni esi, sasa kaa tucheze. Maneno hayo hayakuhitaji pesa.

Leo lami ya Lodwar hadi Kakuma ni mpya. Mwaka wa 2013 mgao ulianza kuthibitishwa kwa alama za vidole, na mwaka wa 2015 ikaja Bamba Chakula, sehemu ya posho ikaingia kwenye simu. Mautingo wanaongoja kivulini hucheza kwenye simu pia, na kadi za simu hazivunjiki kona.

Mwishoni mwa mwaka wa 2000 majina yalianza kubandikwa ubaoni kambini, na vijana zaidi ya 3,000 wa Sudan wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Niliambiwa yule kijana naye alikwenda. Betri zake nilizitumia kwenye tochi ya lori mpaka zikaisha.

Ndugu yangu, kama maneno haya yatakufikia huko uliko: haikuwa bahati. Niliiona kona.